Juliana Alikuwa Rangi Gani?

KOKU: Tunarekodi. Shomari, tangu Jumatatu umevimba. Waambie watu.

SHOMARI: Nilimsindikiza mjomba hospitali, siitaji ipi. Karani wa mapokezi anajaza fomu, kwenye ugonjwa kaandika UKIMWI, herufi kubwa. Mjomba ana miaka 18 anameza dawa, virusi havionekani kwenye kipimo, na mnazi bado anapanda. Akamnyang'anya kalamu, akakata lile neno, akaandika VVU. Karani kanuna: "Mzee, si kitu kilekile?"

KOKU: Na wewe bila shaka ulinyamaza.

SHOMARI: Nilimwambia, dada, mwenye mbegu mfukoni hajalima shamba. Foleni nzima ikaangua kicheko, tukarudishwa nyuma.

KOKU: Hahaha! Haya, wasikilizaji, leo tuna masomo matatu. La kwanza ndilo la mjomba. VVU ni kirusi. UKIMWI ni hali: kinga imeporomoka, magonjwa nyemelezi yanajipitia tu. Wamarekani waliipa hali hiyo jina mwaka 1982. Kirusi kikaja kuonekana Paris, Taasisi ya Pasteur, 1983.

SHOMARI: Kumbe mtoto kapewa jina, baba bado anatafutwa.

KOKU: Hata kwetu Kagera. Sisi tuliuita Juliana.

SHOMARI: Juliana binti nani?

KOKU: Nguo! Kitambaa kilichokuwa kinaletwa na wachuuzi kutoka Uganda, kila msichana anakitamani. Watu wakaona wanaokonda ni wachuuzi na waliovishwa nao.

SHOMARI: Subiri. Alikuwa rangi gani?

KOKU: Nani?

SHOMARI: Juliana.

KOKU: Sijui! Shangazi yangu anayo kwenye sanduku la bati. Alinunuliwa na mumewe kabisa, lakini maneno yalipoanza hakuivaa tena.

SHOMARI: Mtumie ujumbe. Siendelei bila rangi.

KOKU: Ewe Mtanga! Haya, nimetuma. Somo la pili.

SHOMARI: La pili ni langu, na nina ugomvi nalo. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilikutana Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, likatoa tafsiri ya UKIMWI isiyohitaji kupima damu. Dalili kubwa mbili kati ya tatu: umepungua uzito zaidi ya asilimia 10, unaharisha mwezi mzima, au homa mwezi mzima. Ongeza ndogo moja, kikohozi kisichoisha au mkanda wa jeshi. Koku, mgonjwa wa kifua kikuu anaingia hapo mzimamzima!

KOKU: Daktari wa Bukoba mwaka huo alikuwa na nini? Mizani na macho yake. Ile ilikuwa ya kuhesabia wagonjwa, siyo ya kumtibu mtu.

SHOMARI: Na waliokana kwamba kirusi ndicho kinacholeta UKIMWI wakaidaka tafsiri hiyo. Peter Duesberg, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, alianza mwaka 1987, wenzake wakafuata: Afrika hakuna UKIMWI, ni njaa na magonjwa ya zamani. Maneno hayo yakamfikia Thabo Mbeki, wakati huo rais wa Afrika Kusini. Watafiti wa Harvard walikadiria Afrika Kusini ilipoteza watu zaidi ya 330,000 kwa kuchelewesha dawa.

KOKU: Hilo usiwabebeshe wa Bangui. Hao wangekana hata ungewapa darubini. Marekani yenye maabara zote, mwaka 1993 ikasema mwenye VVU akiwa na CD4, zile seli za kinga, chini ya 200 kwenye tone la damu la kipimo, ana UKIMWI, hata kama haumwi. Kanada ikakataa. Mtu mwenye 180 pale Detroit ana UKIMWI, akivuka mto kwenda Windsor, Kanada, hana.

SHOMARI: Unanisaidia mimi! Tafsiri legevu ndiyo mlango.

KOKU: Mto haukumtibu mtu, Shomari. Kilichobadilika ni daftari. Ungengoja vipimo, Kagera ungeanza kuhesabu lini? Baada ya mazishi?

SHOMARI: Na aliyeandikwa UKIMWI kumbe ana TB, akarudishwa nyumbani akafe?

KOKU: Huyo kauawa na aliyemrudisha.

SHOMARI: Kwa karatasi ile ile. Kama ya karani.

KOKU: Sikubali.

SHOMARI: Nami sikuombi.

KOKU: ...

SHOMARI: Shangazi kajibu?

KOKU: Bado. Fundi ananionyesha kidole kimoja. Dakika moja! Somo la tatu je?

SHOMARI: Lilikuwa nini hata?

KOKU: Nililiandika nyuma ya risiti... eh, simu! Shangazi huyu. "Kijani, ina maua meupe. Kuna mtu anataka kuinunua?"

SHOMARI: Mwambie bei gani.