Maji ya Makutano Yanakwenda kwa Nani?

Mwenyekiti wa kikao, wahandisi wenzangu, maofisa mazingira wa halmashauri: wakubwa zangu shikamooni, vijana hamjambo. Na nyinyi wanafunzi mliojazana safu za nyuma, sogeeni mbele. Viti vipo, na nina hesabu ya kuwapa.

Nimeombwa nizungumzie tathmini ya athari kwa mazingira, TAM, kwa miradi ya kuboresha makutano ya barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 mnayo. Kanuni za 2005 na marekebisho yake ya 2018 mnazo. Sitawasomea vifungu. Walionisikia kabla ya leo wanajua kwamba nitaanza na maji, na kweli nitaanza na maji, kwa sababu bado naletewa ripoti zenye kurasa nyingi za vumbi na kelele na aya mbili tu za maji ya mvua.

Shikeni kalamu. Chukueni makutano yenye hekta moja ya lami, ukijumlisha njia zote, maegesho ya daladala na sehemu za kukatia kona. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Inyeshe mvua ya milimita 50 kwa saa. Aliyekaa Dar es Salaam masika mawili matatu ameiona hiyo. Zidisha: mita za ujazo 500, yaani lita 500,000. Lami hainywi maji, kwa hiyo hesabu kwamba asilimia 90 yanatiririka. Hizo ni lita 450,000. Boza la kawaida la lita 10,000 mnalijua. Ni maboza 45 kwa saa moja. Sasa rudisha eneo hilohilo lilivyokuwa, mchanga na majani, ukichukulia kwamba asilimia 20 tu ndiyo yatatiririka. Unapata maboza kumi. Nataka mniambie maboza 35 ya ziada anamwagiwa nani. Jina la mtaa, namba ya nyumba. "Mfumo wa asili wa mifereji" si jibu, na nimelikuta limeandikwa hivyo kwenye ripoti zaidi ya moja.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa kijana kwenye timu ya mhandisi mshauri, mradi wa kupanua makutano katika mji mmoja ambao sitautaja. Pale njia panda palikuwa na dimbwi. Kila masika daladala zilizimika, wanafunzi walivua viatu, na wenye maduka walipanga matofali mlangoni. Mradi ukaja na mtaro wa zege, mzuri, wenye mteremko sahihi na vifuniko kamili. Siku ya mvua ya kwanza tulisimama pale na miamvuli tukaangalia maji yakiondoka. Dimbwi liliisha ndani ya robo saa na watu wakatupongeza. Nami nilifurahi kwelikweli.

Wiki hiyohiyo mwenyekiti wa mtaa akaniita niende naye kule chini. Tulifuata mtaro kwa miguu. Zege likaisha, likafuata shimo la udongo lililochimbwa na kijiko siku moja kabla ya makabidhiano, nalo likaishia nyuma ya uzio wa makuti. Ni kama mita 600 kutoka kwenye taa. Ndani ya uzio alikuwa bibi mmoja na wajukuu wake, migomba, shamba dogo la mihogo, kisima kifupi na choo cha shimo. Choo kilikuwa kimefurika. Maji yake yalikuwa yamekwisha kukutana na maji ya kisima. Juu ya maji ile rangi ya upinde wa mvua, mafuta ya magari ya miezi yote ya kiangazi, maana mvua ya kwanza ndiyo inayoosha barabara. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza: "Mwanangu, haya maji mmemnyang'anya nani mkaja kunipa mimi?"

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu jibu nililijua. Tuliwanyang'anya wenye magari.

Jioni nikafungua ripoti yetu ya TAM. Ramani ya eneo la athari ilikuwa duara lililochorwa kwa bikari, mita 500 kutoka katikati ya makutano. Nyumba ya bibi ilikuwa nje ya duara, kwa hiyo hakuwahi kuitwa kwenye mkutano wa wadau. Hakuna aliyemficha. Alikatwa na bikari, na mmoja wa walioshika bikari hiyo ni mimi. Ndiyo maana siwezi kulizungumza jambo hili kwa upole.

Ilichukua misimu miwili kumtoa kwenye maji. Mita 180 za mtaro wa mawe hadi kwenye kijito, na mawe ya kufungwa kwa waya pale mwisho ili maji yasichimbe ukingo. Kazi ya wiki chache. Haikuchelewa kwa ugumu wake, ilichelewa kwa sababu haikuwamo kwenye BOQ, ile orodha ya kazi za mkataba na vipimo na bei zake.

Hapa nawaomba msinisinzie. Mpango wa usimamizi wa mazingira ukiandika "mkandarasi atahakikisha maji yanaelekezwa mahali salama", umeandika hewa. Mkandarasi anatia bei kitu chenye kipimo: mita ngapi za mtaro, mita za ujazo ngapi za mawe, kalvati la kipenyo gani, mtego wa mafuta mmoja au miwili, bwawa la kutuamisha tope la ukubwa gani wakati ardhi imefunuliwa. "Atahakikisha" haina kipimo, kwa hiyo haina bei. Msimamizi naye hana cha kukataa kulipia. Ofisa mazingira, kaa na mkadiriaji majenzi kabla zabuni haijatangazwa. Baada ya mkataba kusainiwa unaomba hisani.

Naona mkono pale, na najua unachotaka kusema: barabara ipo tayari, hatukati msitu, tunaboresha tu, tathmini ya nini? Nimeisikia hoja hii kutoka kwa watu wenye akili nyingi. Sikiliza. Kuboresha ni kupanua. Sheria ya Barabara ya 2007 imeipa hifadhi ya barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati. Katika hizo mita, ile ardhi ambayo haijawahi kuwekwa lami ndiyo inayonywa maji leo. Ukiifunika, umebadilisha bonde. Tena makutano ya zamani ni magumu kuliko barabara ya porini, maana watu wamekwisha kujenga maisha yao kulingana na maji ya zamani yanavyopita. Bibi yule aliweka choo pale kwa sababu pale palikuwa pakavu kwa miaka yake yote.

Mwingine atasema: nje ya mpaka wa mradi si kazi yetu. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa tangu 2017 ni za TARURA, mto uko chini ya bodi ya bonde, kwetu hapa Bonde la Wami/Ruvu. Vizuri. Basi waite wote siku ya kwanza ya kubainisha mambo ya kutathmini, waende na ramani moja ya mitaro, na asitoke mtu mpaka kila mita kutoka lami hadi mtoni iwe na mwenyewe.

Kwa Dar es Salaam hili si jambo la bibi mmoja. Tumejenga barabara za juu kubwa. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa Septemba 2018. Ya ngazi tatu pale Ubungo, inayoitwa Kijazi, ilifunguliwa Februari 2021. Wakati wa foleni za Ubungo nimekaa saa nzima kwenye gari nikiwaangalia wauza maji na korosho, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba napinga ujenzi. Nazipita kila wiki na nashukuru. Lakini mji huu unateremka. Maji ya upande wa Ubungo yanakusanyika Msimbazi, Msimbazi unapita Jangwani, unatokea baharini pale Salender. Mwaka 2011, mwezi Desemba, makumi ya watu walikufa kwa mafuriko, na waliookolewa bondeni wengi walipelekwa Mabwepande kuanza upya. Jangwani hufungwa mvua zikikaza. Kila hekta ya lami huko juu inafika huko chini ikiwa na haraka kuliko ilivyokuwa. Tathmini ya makutano mamoja itasema mchango wake ni mdogo. Na ya pili itasema hivyohivyo, na ya kumi. Kifungu cha athari za pamoja ndicho kinachoandikwa usiku wa mwisho kabla ya kupeleka ripoti kwenye mamlaka ya taifa ya mazingira, na mimi ninaanza kukisoma hicho kabla ya kingine chochote.

Naoneshwa kuwa muda unakwisha. Nilikuwa na mambo mengine manne, nitayapitia kwa haraka.

Moshi. Mnaandika kwamba foleni ikiisha, moshi utapungua. Pale kwenye taa, ndiyo. Lakini pimeni na taa zinazofuata, kwa sababu foleni mara nyingi inahamia huko, na njia ikiwa nyepesi magari huongezeka. Vipimo vya hewa na kelele vichukuliwe kabla ya kijiko kuingia, la sivyo huna cha kulinganisha.

Mashimo ya kifusi. Udongo na kokoto za makutano zinatoka kwenye kijiji ambacho hata hakitajwi. Shimo likiachwa wazi, masika linajaa, mbu wanazaliana, watoto wanaogelea na wengine hawatoki. Kulifukia na kulisawazisha kuwe na bei kwenye BOQ. Mmeona ninakorudi.

Mama lishe, machinga na bodaboda wa pale njia panda. Kwa kuwa wako ndani ya hifadhi ya barabara, mthamini wa fidia anawaruka. Lakini mradi ukiwa na fedha za Benki ya Dunia, masharti yake yanamtambua hata asiye na hati ya ardhi, na kumsaidia arudi kwenye riziki ni wajibu. Kwa nini tumtambue pale tu fedha inapotoka nje? Swali hilo lina mhadhara wake, nalitaka siku nzima.

Miti nimeiruka, mnisamehe. Atakayeuliza nitamjibu.

Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, tunakutana Ubungo upande wa Mandela, wale waliojiandikisha na wale ambao hawakujiandikisha. Njooni na futi ya kamba, simu zenye chaji na viatu visivyoogopa tope. Tutachagua tundu moja la kuingizia maji pembeni ya lami, tutalifuata kwa miguu, mtaro kwa mtaro, mpaka tufike mtoni. Kila nyumba tutakayoipita tutabisha hodi, tutamwuliza mwenyewe maji ya masika yaliyopita yalifika wapi ukutani, nanyi mtapima.