Sangria ya embe na nanasi: itengeneze leo, wageni waje kesho

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Mnaonifuatilia mnajua kwangu ni Valencia, Hispania, ila Desemba hii niko nyumbani Dar, narekodi jikoni kwa dada yangu hapa Tabata. Kesho mchana wanakuja mashemeji na mawifi, na kinywaji chao, sangria, yaani waini iliyolazwa na matunda, nakitengeneza usiku huu.

Naomba hilo mlishike kuliko vipimo vyote nitakavyowapa. Kesho dada ana pilau jikoni, ana kuku, ana watu mlangoni wa kusalimia. Akianza kukata matunda saa hiyo, wageni watakaa wao kwa wao na yeye atawasikia tu wakicheka sebuleni. Na kinywaji chenyewe kinataka muda. Waini inalala na matunda usiku kucha: tunda linanywa waini, waini inachukua utamu na harufu ya tunda. Ukichanganya saa ile ile ya kunywa unapata waini yenye vipande vya matunda juu, basi.

Sangria asili yake ni Hispania na Ureno, na wanailinda kweli. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 inataka iliyotengenezwa nchi nyingine ieleze kwenye chupa imetengenezwa wapi. Kule wanapenda kuweka machungwa na mapichi. Mimi msimu wa embe umenikuta Dar, kwa hiyo embe linaingia.

Nina chupa mbili za waini nyekundu ya Dodoma, za mililita 750 kila moja. Chukueni ile kavu, siyo tamu, ili sukari muipime wenyewe. Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, waini ipo, hakuna sababu ya kununua ya bei kubwa kutoka nje na kuizamishia matunda.

Sasa matunda, na hapa tutulie. Embe dodo liwe limeiva lakini bado gumu kidogo, ukilibonyeza lisizame kidole. Likiwa laini sana, asubuhi unakuta uji. Nanasi nusu, vipande vidogo vya kuingia kwenye kijiko. Tufaa moja na ganda lake, hilo ndilo linalonyonya waini vizuri kuliko yote. Ndizi na papai msiweke, vinavurugika. Tikiti liwekeni kesho kama mnalipenda.

Machungwa mawili, tazameni kisu changu. Muuza machungwa wa barabarani anamenya ganda la kijani na kuacha ule weupe, sivyo? Hapa weupe wote unatoka. Ukilala kwenye waini unatoa uchungu, na uchungu huo huutoi tena kwa sukari. Chungwa moja nalikata vipande, la pili nalikamua. Kisha kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu mbili, siyo zaidi, karafuu ina nguvu. Sukari vijiko vitatu vya chakula, ikoroge kwanza kwenye ile juisi ya chungwa mpaka iyeyuke.

Chombo kiwe cha kioo, au cha plastiki ya chakula chenye mfuniko. Sufuria la alumini hapana, maana waini na matunda vina asidi, vinakula alumini na ladha inaharibika. Funika, weka kwenye friji. Umeme ukikatika usiku, hamishieni kwenye deli lenye barafu, barafu ikae nje ya chombo.

Wapo wageni wetu wasiokunywa pombe, na kwangu hao wanastahili uangalifu uleule. Nawatengenezea ya rosela: nachemsha maua, nachuja, napoza, kisha matunda yaleyale na viungo vilevile. Rangi zinafanana sana! Kwa hiyo majagi yawe tofauti kabisa, upawa tofauti, meza tofauti ikiwezekana, na matunda yasikatwe kwa kisu kilichotoka kwenye waini. Mtu aliyekuja kwako akiamini hanywi pombe, asiinywe kwa bahati mbaya nyumbani kwako.

Kesho wageni wakishakaa ndipo inaingia soda nyeupe ya baridi, lita moja, ikoroge mara mbili tu, gesi isipotee. Barafu tusiweke, inaifanya iwe maji. Dada ana vipande vya embe kwenye friza tangu mchana, hivyo ndivyo barafu yetu. Inatoka kama glasi kumi na tatu za mililita 200. Waini ikiwa ya asilimia 12, sangria inabaki na kilevi cha asilimia 6 au 7. Inashuka kama juisi lakini inazidi bia nyingi, kwa hiyo mwambieni mgeni anakunywa nini, hasa aliyekuja na gari. Konyagi sioni haja ya kuongeza.

Na yale matunda ya chini ya jagi yamejaa pombe. Watoto wanayapenda kwa sababu yana rangi nzuri, wanapita na kudokoa. Jagi likiisha lipelekeni jikoni palepale, msiliache mezani.

Nawaonyesha jagi la dada likitoka kwenye friji kesho. Mkitengeneza, niandikieni hapo chini mmetumia embe gani, dodo au bolibo.