Nani Alienda? Kiwakilishi na Kitenzi cha Wakati Uliopita katika Kiingereza

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja. Leo sitagusa Kiingereza kizima. Naomba tukae na jambo moja: namna lugha hiyo inavyounganisha kiwakilishi cha nafsi na kitenzi cha wakati uliopita. Nimelifundisha somo hili miaka mingi, na makosa ninayosahihisha ni yale yale. Siamini tena kwamba yanatokana na uvivu wa mwanafunzi. Yanatokana na Kiswahili chake kizuri, anachokihamisha kizima kizima kwenda mahali ambapo kazi imegawanywa kwa namna nyingine.

Tuchukue neno moja: walituona. Tulipasue. Wa- ni watendaji. -li- ni wakati. -tu- ni sisi tuliotendewa. -ona ndicho kitendo. Sentensi nzima imekaa ndani ya neno moja, na kila kipande kina nafasi yake. Kwa Kiingereza tunasema: They saw us. Wa- imetoka nje ikawa neno kamili, they. -tu- nayo imetoka ikahamia nyuma ya kitenzi, ikawa us. Katikati imebaki saw, na humo wakati na kitendo vimeyeyuka pamoja. Katika walked bado unaweza kuuona wakati, maana -ed iko pale mwishoni. Katika saw, went na bought hakuna pa kupitisha kisu.

Kwa hiyo kitenzi hicho kinatuambia lini, lakini hakituambii nani. Sisi tuna nilienda, ulienda, alienda, tulienda, mlienda, walienda, maumbo sita. Kiingereza kina went, basi. I went, you went, she went, we went, they went. Hata ile -s inayowasumbua watu katika she goes hutoweka: she went. Have na has zote huwa had. Watu huogopa orodha ndefu ya vitenzi visivyofuata kanuni, wakasahau kwamba umbo moja ukilishika umelishika kwa nafsi zote. Mimi naona wakati uliopita ni mwepesi kuliko wakati uliopo, na ningependa walimu waseme hivyo waziwazi darasani.

Lakini wepesi huo una gharama yake. Kwa kuwa went haisemi nani, lazima mtu au kitu kitajwe mbele yake, na kitajwe mara moja tu. Hapa ndipo linapozaliwa kosa la Juma he came. Kwetu, Juma alikuja bila a- haikamiliki. Nani atasema Juma likuja? Mwanafunzi anaitafutia ile a- neno la Kiingereza, anaokota he, na sentensi inabeba watendaji wawili. Juma ameshatajwa, nafasi imejaa. Juma came. Na asipotajwa kwa jina, ndipo he anaingia.

Kosa linaloniuma zaidi ni la jinsia, kwa sababu linampotosha msikilizaji. A- yetu haiulizi kama ni mume au mke. He na she vinauliza kila mara. Nimesoma insha nyingi zinazoanza vizuri na My mother, halafu sentensi ya pili ikaandikwa he told me. Mwandishi anajua mama yake ni mwanamke. Tatizo ni kwamba anaitafsiri a- ya aliniambia, badala ya kumtazama mama aliyemtaja mstari mmoja nyuma. Dawa ni kuiacha a- na kumrudia mtu mwenyewe.

Kwa vitu mambo hugeuka, maana hapo sisi ndio tunaouliza maswali mengi. Kikombe kilivunjika, mkufu ulivunjika, jembe lilivunjika, meza ilivunjika. Ngeli zote hizo za umoja huishia kwenye It broke. Zikiwa wingi, vilivunjika, yalivunjika, zote huwa They broke. Wengine hushtuka kidogo, wakidhani they ni watu tu.

Sasa naomba tuitazame kwa karibu sentensi hii: She put the cup on the table. Put ni katika vitenzi visivyobadilika kabisa katika wakati uliopita, pamoja na cut, hit na shut. Basi tumejuaje kwamba ameshakiweka kikombe? Tafuteni -s. Ingekuwa desturi yake ya kila siku, tungesoma she puts. Kukosekana kwa herufi moja, pamoja na she aliye mbele, ndiko kunakotupa wakati. Badilisheni she kwa they: They put the cup on the table. Ushahidi umepotea. Inaweza kuwa waliweka, inaweza kuwa huweka, na itabidi neno kama yesterday lituokoe. Mimi napenda sana mfano huu, kwa sababu kiwakilishi, ambacho tumesema kazi yake ni kutaja nani, hapa kimesaidia kutaja lini.

Kuna kitenzi kimoja tu kilichokataa kufanana kwa nafsi zote: be. I was, he was, she was, it was. Lakini you were, we were, they were. Zamani hakikuwa peke yake. Katika Kiingereza cha Kale, niliimba ilikuwa ic sang, na tuliimba ilikuwa we sungon. Umoja na wingi vilitofautiana katika irabu na hata mwisho wa neno. Karne zilivyopita, vitenzi vingine vikasawazishwa. Be kinatumika kila dakika, na neno la kila dakika hushika umbo lake la kale.

Na kwa nini you were hata kwa mtu mmoja? Kwa sababu you asili yake ni nyinyi. Wewe alikuwa thou, na alikuwa na maumbo yake. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, Mungu anamuuliza Ayubu, Where wast thou? Wingi ukaanza kutumika kwa heshima kwa mtu mmoja, ukaenea, thou akatoweka katika matumizi ya kawaida. Kitenzi cha wingi kikabaki na you. Anayeandika you was kwa kuwa anamwandikia mtu mmoja amefikiri vizuri, ila historia imempita.

Nimalizie kwa did, maana hapa Kiswahili kinatusaidia. She didn't went ni kosa la kila darasa. Muulizeni mwanafunzi: je, unaweza kusema hakulienda? Atacheka. Tunasema hakuenda, -ku- imeingia, -li- imeondoka, wakati umekaa mahali pamoja. Did nayo ikiingia inachukua wakati wote, na kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la msingi: she didn't go. Katika kuuliza ni vivyo hivyo: Did she go?

Halafu mtu ataniuliza: mbona Who went? haina did? Tazameni jozi hii. Ulimwona nani? Nani alikuona? Sisi tunajua aliyeona na aliyeonwa kwa viambishi, u- na -mw-, a- na -ku-. Kiingereza hakina viambishi hivyo. Nani akiwa ndiye mtendaji, who anakaa palepale ambapo I au she angekaa, kitenzi kinabaki na wakati wake: Who saw you? Nani akiwa ndiye aliyeonwa, who anakwenda mbele ya sentensi, did inafuata na wakati, kisha kiwakilishi cha mtendaji, kisha kitenzi kitupu: Who did you see?