Kufika Wawili: Siku za Mwisho za Kuvuka Nchi kwa Baiskeli

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kunialika. Walioandaa shughuli hii walinipa mada pana, safari ndefu za baiskeli, nami nikawaomba waniachie sehemu ndogo tu: zile siku za mwisho za kuvuka nchi, mkiwa wawili. Habari za kuanza mmekwisha kuzisikia sana. Baiskeli ipi, mifuko ipi, mazoezi ya miezi mingapi. Habari za kumaliza watu huzifunga kwa neno moja, "tukafika", basi. Mimi nimevuka nchi na mwenzangu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na naona kazi yenyewe iko pale pale ambapo hadithi hukatizwa. Miguu haikuwa tatizo letu kubwa. Tulifika pamoja kwa sababu tulijua kugawana vitu vitatu: upepo, mzigo na maamuzi.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka 1890 vijana wawili wa Marekani, Thomas Allen na William Sachtleben, walimaliza chuo kikuu huko St. Louis, na siku ya pili yake wakaanza safari ya kuzunguka dunia kwa baiskeli. Julai 1891 walikuwa juu ya mlima Ararat. Wakapita Uajemi, wakavuka jangwa la Gobi, wakaingia Beijing mwaka 1892, na mwaka uliofuata wakawa wamerudi New York, wakiwa wamekwenda zaidi ya kilomita 24,000 kwa magurudumu. Lakini kinachonivutia zaidi ni kusimama kwao Tashkent, mji wa Asia ya Kati. Baridi ilipoingia walikaa hapo hadi ikapita. Walikubali kwamba kipande kimoja kimekwisha na kingine kina wakati wake. Vijana wawili wenye nguvu, wenye haraka ya umaarufu, wakakubaliana kukaa! Hilo linanishangaza kuliko Gobi.

Mwaka 1892 Mmarekani mwingine, Frank Lenz, aliondoka Pittsburgh peke yake. Alipita China, Burma, India na Uajemi, kisha Mei 1894 akapotelea mashariki mwa Uturuki. Aliyetumwa kumtafuta mwaka 1895 ni huyo huyo Sachtleben, na mwili haukupatikana. Sisemi kwamba Lenz angepona kama angekuwa na mwenzake. Nchi ile ilikuwa inaingia katika mauaji makubwa ya Waarmenia, na mtu wa pili pengine angekufa naye. Ninachosema ni kwamba mwenzako ndiye shahidi anayejua jana mlilala wapi.

Sasa tuje kwenye upepo, maana hapo ndipo urafiki hupimwa kwanza. Nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma haiongezeki sawasawa na kasi. Inakwenda kwa mraba wake. Ukienda kilomita 20 kwa saa hewa ikiwa imetulia, unapambana na hewa ya kilomita 20. Ukikutana na upepo wa kilomita 20 kwa saa usoni, nawe ukang'ang'ania kasi ile ile, unapambana na hewa ya kilomita 40, na nguvu hiyo inakuwa mara nne. Mara nne! Ndiyo maana siku ya upepo wa mbele watu wawili wapole hugombana kabla ya saa sita mchana.

Dawa yake ni kukatiana upepo. Aliye nyuma, akikaa karibu na gurudumu la mwenzake, anapumzika hasa, ingawa miguu inaendelea kuzunguka. Ila kuna ufundi. Pokezaneni kwa dakika, msipokezane kwa kilomita, kwa sababu kilomita moja ya upepo wa mbele ni ndefu kuliko kilomita moja ya kawaida, na atakayeangukiwa nayo atajiona ameonewa. Mwenye nguvu akae mbele muda mrefu zaidi, asiende kwa kasi zaidi. Hili la pili watu hulisahau kila siku. Mtu akishika zamu ya mbele anachangamka, anaongeza mwendo, na yule aliyekuwa anapumua nyuma yake sasa anatweta. Halafu, tafadhali, gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako. Yakigusana, anayeanguka karibu siku zote ni wa nyuma, na baiskeli yenye mifuko minne haianguki kistaarabu.

Mlimani upepo hauna maneno mengi. Kule ni uzito. Mtu na baiskeli na mizigo yake wakifika kilo 100 kwa jumla, kupanda mita 1,000 kwenda juu kunahitaji kazi ya kama kilojuli 980. Mwili wetu unageuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo, kwa hiyo kupanda huko kutakula karibu kilokalori 1,000, bila kuhesabu hewa wala barabara. Kila kilo unayoihamisha kutoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye nguvu inalipa papo hapo. Sisi tulihamishiana mizigo bila sherehe: nilipokuwa hoi, vyombo vya kupikia vilijikuta kwenye mifuko yake, na siku zilipogeuka, hema likahamia kwangu. Tulikuwa na sharti moja tu, kwamba anayepokea mzigo haruhusiwi kuutaja jioni.

Na mlimani kila mtu apande kwa mwendo wake, wasubiriane kileleni. Kumlazimisha mwenye miguu mizito akuandame, au mwenye miguu myepesi ajivute nyuma yako kwa huruma, ni kuwachosha wote wawili. Lakini anayesubiri kileleni asubiri hadi mwenzake afike, anywe maji, apumue. Mnawajua wale wanaosubiri kwa kukaa juu ya baiskeli, mguu mmoja tayari kwenye pedeli, na mara tu mwenzao anapotokea wao wanaondoka? Kusubiri kwa namna hiyo afadhali wasingesubiri.

Njaa nayo nisiiruke. Akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini inatosha saa moja na nusu hadi mbili za juhudi kubwa. Ukienda taratibu inafika mbali zaidi, lakini inakwisha. Inapokwisha, dalili ya kwanza anaiona mwenzako kabla yako wewe, na mara nyingi haionekani miguuni. Mtu anaacha kujibu. Unamuuliza tukate kulia au twende moja kwa moja, anakuambia "vyovyote". Ukisikia "vyovyote" kwa sauti ile, simamisha msafara, mpe kitu kitamu, na mjadala wa njia uahirishwe mpaka atafune. Ugomvi wetu mwingi ulikufa hivyo.

Baada ya siku nyingi barabarani, mwili unaanza kudai madeni madogo madogo. Kulala juu ya usukani kutwa nzima kunaubana mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole cha mwisho, na vidole viwili vya pembeni vinakufa ganzi. Mwenzangu yalimkuta karibu na mwisho. Asubuhi moja nilimwona amechutama mbele ya mfuko wake, anajaribu kubana kile kifungo cha plastiki, vidole vinateleza, anajaribu tena, kimya. Nikaenda nikakibana. Kuanzia hapo ikawa kawaida: mimi nafunga mifuko yake, yeye, kwa kuwa shingo yangu ilikuwa imekakamaa, ananifungia mkanda wa kofia chini ya kidevu. Hatukulizungumza. Tukamwongezea kitambaa kwenye vishikio, tukauinua usukani kidogo, naye akawa anabadilisha mahali pa mikono kila baada ya muda mfupi.

Baiskeli nazo huchoka mahali panapojulikana. Spoku zinazokatika mara nyingi ni za gurudumu la nyuma, upande wa gia, kwa sababu upande ule spoku zimesimama wima zaidi na zimevutwa kwa nguvu kubwa kuliko za upande wa pili, na juu yake kuna mzigo wote wa keria. Ili kubadilisha moja ni lazima gia za nyuma zitoke, kazi ambayo peke yako ni adha na mkiwa wawili ni ya muda mfupi: mmoja anashikilia gurudumu, mwingine anakaza spana. Kagueni pia mpira wa breki kabla ya siku ya mwisho. Nasema siku ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu siku hiyo mtu hukagua ramani tu.

Sasa maamuzi. Jioni ya mwisho, au ile ya kabla yake, mmoja wenu atatazama umbali uliobaki na kusema: tuunganishe siku mbili, kesho tumalize. Mimi napinga, na napinga kwa ukali. Mwisho wa kuvuka nchi mara nyingi ni mji, bandari au kituo cha mpakani, yaani magari mengi kuliko mlikotoka. Mkiunganisha, mtaingia humo jioni, mwanga umepungua, mmechoka, na akili imekwisha kufika kabla ya mwili. Wekeni siku ya mwisho iwe fupi kwa makusudi, muingie kabla ya mchana kugeuka. Na sheria yetu ilikuwa hii: mwenye nguvu hawezi kumwamulia mchovu siku ndefu, lakini mchovu anaweza kuamua tusimame, na hatoi sababu. Mtu atauliza, je, mchovu hatalitumia vibaya? Kwa mtu uliyekuja naye mpaka hapo, sidhani.

Mkiingia mjini acheni kukatiana upepo. Achianeni nafasi, kwa sababu gari likisimama ghafla mbele mnahitaji breki mbili zisizotegemeana. Kubalianeni mapema: mkipotezana, aliye mbele anasimama alipo na haendi popote, aliye nyuma anaendelea mpaka amkute. Wote wawili wakianza kutafutana, mtapishana kwenye mzunguko mmoja hadi usiku.

Wakati wa kufika kwenyewe sina mengi ya kusema. Kuna mstari, au kibao, au maji. Mnasimama. Kwetu kulikuwa na kubishana kidogo nani apite kwanza, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia, mpaka tukasukuma baiskeli kwa mikono, sambamba, kama watu waliotoka sokoni. Wengi wanaojiandaa kulia hawalii. Wengi wanauliza mahali pa kulala.

Kinachofuata kina uzito wake, hasa mmoja anaporudi nyumbani na mwingine anaendelea na kipande kinachofuata. Vitu mlivyobeba kwa ushirika lazima vigawanywe: pampu moja, jiko moja, spana za seti moja. Anayeendelea achukue vyote, na hesabu za fedha zifanywe siku nyingine, mkiwa mmekwisha kupumzika. Anayerudi atafungasha baiskeli kwenye boksi. Azungushe usukani, aondoe pedeli, aweke kipande cha mbao kati ya ncha za uma wa mbele ili usikunjamane, na alinde kibadilishia gia cha nyuma kwa kukifungua na kukifunga ndani ya fremu. Pedeli ya kushoto, jamani, hukazwa kinyume. Inafunguka kwa kuzungusha spana kwenda kulia. Ifungueni kabla anayeendelea hajaondoka na spana.

Naona mikono imekwisha kuinuka. Tuanze na dada wa nyuma pale.