Boy na maboi: kumsoma Roald Dahl tukianzia Dar es Salaam

Walimu wenzangu, wakutubi, na ninyi wazazi mliokuja na watoto, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kumfundisha mwandishi anayependwa na watoto. Ningeweza kuchagua wengi. Nimemchagua Roald Dahl kwa sababu nilimpenda tangu nikiwa mtoto na sijaacha kumpenda, na kwa sababu kuna kipande cha maisha yake ambacho wapenzi wake hukiruka, nacho kilipita katika nchi inayosema lugha hii ninayoisema sasa.

Wanaompenda Dahl ni hodari wa kukusanya mambo yake. Watakwambia alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916, Llandaff, pembeni mwa mji wa Cardiff, kwa wazazi wa Kinorwe waliompa jina la mvumbuzi wa ncha ya kusini, Roald Amundsen. Watakwambia kwamba alipokuwa shule ya bweni ya Repton, kampuni ya Cadbury ilikuwa ikiwapelekea wanafunzi maboksi ya chokoleti mpya ili wazionje na kuzipa alama. Watakwambia kibanda chake cha kuandikia katika bustani ya nyumba yake, Great Missenden, kilikuwa na kiti gani na aliandikia penseli za rangi gani. Walimu nao wameandaa mazoezi: orodha ya maneno aliyoyabuni, michoro ya kupaka rangi, maswali ya sura kwa sura. Yote hayo ni mazuri na mimi mwenyewe nimeyatumia.

Lakini angalieni jinsi wasifu wake unavyosimuliwa. Anamaliza shule mwaka 1934, anaingia kampuni ya mafuta ya Shell, halafu ghafla ni 1940, ni rubani wa jeshi la anga la Uingereza, na ndege yake inaanguka katika jangwa la Afrika Kaskazini. Katikati huwa pana sentensi moja: alifanya kazi Afrika Mashariki.

Leo nataka tukae ndani ya sentensi hiyo.

Dahl alifika Dar es Salaam mwaka 1938, akiwa kijana wa miaka 22. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Yeye na Waingereza wenzake wawili ndio walioendesha shughuli za Shell, na walikaa pamoja katika nyumba ya kampuni nje ya mji, juu ya bahari. Alijifunza Kiswahili. Alisafiri bara kwa gari kuwatembelea wateja, wenye mashamba ya mkonge na wenye migodi, akiwauzia mafuta na vilainishi. Aliugua malaria. Haya ameyaeleza mwenyewe katika kitabu cha pili cha kumbukumbu zake, Going Solo, kilichotoka mwaka 1986, miaka minne kabla hajafariki. Kurasa za Tanganyika ni kati ya kurasa bora alizopata kuandika. Kuna koboko anayemnyemelea mfanyakazi wa bustani, Salimu, kwa nyuma wakati anapitisha reki, na kijana Dahl dirishani anapiga kelele kumwonya, kwa Kiswahili. Salimu anageuka, anasimama kama mti, anamsubiri nyoka afike, anampiga reki ya mgongo.

Kuna pia simba. Bara, nyumbani kwa afisa mmoja wa serikali, jioni watu wakiwa wamekaa nje, kelele zinasikika kwamba simba amemchukua mke wa mpishi. Kweli, simba huyo anakwenda zake na mwanamke mdomoni, mpishi nyuma yake. Risasi inapigwa, simba anamwachia, na mwanamke anaonekana hana hata mchubuko. Dahl anasema gazeti la East African Standard la Nairobi lilimtaka aandike aliyoyaona, akaandika, na hundi ya pauni 5 ikaja. Anasema hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kuchapishwa.

Sasa, wapenzi wa Dahl wanajua hadithi nyingine ya jinsi alivyoanza kuandika, na ni yeye huyo huyo aliyeisimulia. Mwaka 1942 alikuwa Washington, katika ubalozi wa Uingereza. Mwandishi C. S. Forester alimwalika chakula ili amsimulie ajali yake ya ndege, kisha yeye Forester aiandike. Dahl akaona ni rahisi zaidi aandike mwenyewe maelezo na kumpelekea. Forester akayapeleka kama yalivyo, nayo yakachapishwa katika jarida la Saturday Evening Post. Hivyo ndivyo, anasema, alivyojikuta mwandishi kwa bahati. Na kichwa walichokiweka kilisema ametunguliwa juu ya Libya. Hakutunguliwa. Alielekezwa mahali pasipo, jua likamzamia, mafuta yakawa yanakwisha, akajaribu kutua jangwani, ndege ikagonga na kuwaka moto, yeye akapasuka fuvu na kupofuka kwa wiki kadhaa.

Kwa mwalimu hapa pana dhahabu. Mwandishi mmoja ana mianzo miwili: Nairobi kwa pauni 5, na Washington kwa bahati. Nilipowawekea wanafunzi wangu hadithi hizi mbili bega kwa bega, hakuna aliyesema huyu ni mwongo tukamtupe. Waliuliza jambo la maana zaidi: kwa nini ya pili ndiyo aliyopenda kuisimulia kwanza? Tulitumia kipindi kizima kwa swali hilo. Dahl alikuwa msimulizi hata anapozungumza juu ya nafsi yake, na mtoto wa miaka 11 anaweza kulielewa hilo vizuri sana, kwa sababu naye hufanya hivyo kila akirudi nyumbani na nguo iliyochanika.

Nataka sasa kuzungumza juu ya neno moja. Kitabu cha kwanza cha kumbukumbu za Dahl, cha mwaka 1984, kinaitwa Boy. Jina hilo si la kubahatisha. Tangu alipopelekwa shule ya bweni akiwa na miaka 9, alimwandikia mama yake barua wiki baada ya wiki, na alizitia sahihi ya neno hilo: Boy, kijana wako. Baba yake, Harald, alikwisha kufariki mwaka 1920, wiki chache tu baada ya Astri, dada yake Roald, kufa akiwa na miaka 7, na mama, Sofie Magdalene, alibaki peke yake na watoto. Mama huyo alizitunza barua za mwanawe zote, zaidi ya 600, bila kumwambia. Zimo barua za Dar es Salaam pia. Kwa hiyo neno hilo, kwake, lilikuwa neno la kupendwa na mama.

Na katika nyumba ile ya juu ya bahari, neno hilo hilo lilitumika kwa wanaume watu wazima. Kila Mwingereza alikuwa na mtumishi wake, aliyemfulia, aliyemwandalia nguo, aliyesafiri naye. Wakaitwa maboi. Wengi wetu tumelikuta neno hilo katika Kiswahili likiwa limezoea kabisa, boi, kama kwamba lilizaliwa humu. Kijana wa miaka 22 anamwita boi mtu mwenye mke na watoto, kisha usiku anakaa mezani kumwandikia mama yake barua na kutia sahihi: Boy.

Sikuwahi kuona jambo hili mpaka niliposoma vitabu vile viwili mfululizo, na tangu hapo siwezi kuacha kuliona. Silisemi ili kumshusha. Dahl aliwatazama watu wale kwa makini kuliko wengi wa aina yake. Mtumishi wake Mdisho ana uso na sauti na hasira zake katika kitabu. Wakati vita vinaanza Septemba 1939, Dahl anapewa askari wa Kiafrika, anaambiwa akafunge barabara na kuwakamata Wajerumani wanaotoroka kwenda kusini, na anaandika wazi kwamba askari wale ndio waliojua kazi, yeye hakujua lolote. Huo ni ukweli wa thamani. Lakini alikuwa ndani ya mpango ambao mmoja anaitwa bwana na mwingine anaitwa mtoto, na mpango huo aliondoka nao.

Aliondoka nao mpaka kwenye kiwanda cha chokoleti. Wapenzi wengi wa Charlie and the Chocolate Factory hawajui kwamba katika toleo la kwanza, la mwaka 1964, wafanyakazi wadogo wa kiwandani, Oompa-Loompa, walikuwa Waafrika, mbilikimo walioletwa kutoka msituni, waliosafirishwa ndani ya masanduku na kulipwa kwa mbegu za kakao. Watu weusi wa Marekani walipinga. Katika toleo la mwaka 1973 Dahl aliwabadilisha: ngozi nyeupe, nywele za kahawia ya dhahabu, na nchi ya kubuni. Mtoto anayekishika kitabu hicho leo anawakuta hao wapya.

Naona tofauti kubwa kati ya badiliko lile la 1973 na yale ya 2023, wachapishaji wa Puffin walipopunguza na kugeuza maneno mengi katika vitabu vyake, miaka 33 baada ya kifo chake, na baada ya malalamiko wakatangaza kwamba matoleo ya zamani yatauzwa pia. La kwanza lilifanywa na mwandishi aliye hai, aliyeambiwa kosa lake na kulazimika kuketi tena na penseli. Yale mengine yalifanywa na watu wengine, juu ya maandishi ya mtu asiyeweza kujibu. Mimi nasimama na penseli. Mwanafunzi akiambiwa kwamba mwandishi mashuhuri alikosea, akaambiwa, akaandika upya, anapata kitu ambacho kitabu kilichosafishwa kimyakimya hakimpi.

Lipo na jingine ambalo hakulirekebisha. Mwaka 1983, akihojiwa na jarida la New Statesman, alisema maneno ya chuki juu ya Wayahudi. Familia yake iliomba radhi mwaka 2020, akiwa kaburini miaka 30. Kwa watoto wadogo silileti. Kwa wanafunzi wa sekondari nalieleza kwa sentensi hizo hizo, bila kulipamba na bila kulifunika, kisha nanyamaza waseme wao.

Wapo wanaoniambia: ukimbebesha mtoto yote haya, utamwondolea raha. Nawajibu kwa Olivia. Binti mkubwa wa Dahl alipata surua mwezi Novemba 1962. Alionekana anapona. Baba yake alikaa naye kitandani akimfundisha kutengeneza wanyama kwa vijiti vya kusafishia kiko, akaona vidole vya mtoto havifuati akili yake. Saa moja baadaye hakuwa na fahamu, na baada ya saa 12 alikuwa amefariki. Alikuwa na miaka 7, umri ule ule wa shangazi yake Astri. Mwaka 1986 Dahl aliandika barua ya wazi akiwasihi wazazi wawapeleke watoto wao wachanjwe. Kitabu chake The BFG amekitabaruku kwa Olivia. Nimewasomea watoto habari hii kabla ya kuwasomea jitu linalopuliza ndoto njema katika vyumba vya watoto usiku. Hakuna raha iliyopungua. Walisikiliza kama ninavyowaona ninyi mnasikiliza.

Kuhusu kibanda nitasema kidogo, maana mnakijua. Jumba la makumbusho la Great Missenden, lililofunguliwa mwaka 2005, limehifadhi rasimu zake, na hizo ndizo ningependa watoto wazijue kuliko kiti chake. Matilda, msichana wa kitabu chake chenye jina hilo, katika rasimu ya kwanza alikuwa mtoto mwovu, aliyetumia uwezo wake kuvuruga mbio za farasi. Msichana wa The BFG kwanza alikuwa mvulana. Tukiwafundisha watoto kuandika, tuanzie hapo.

Sasa niwape zoezi moja ninalolitumia darasani. Ni la simba. Nawasomea wanafunzi kisa chote, halafu nawauliza: nani anasimulia? Kijana wa Kiingereza aliyekuwa amekaa nje. Nani aliyelipwa pauni 5? Yeye. Nani alikuwa mdomoni? Basi nawaambia waandike kisa hicho upya, na anayesimulia awe mke wa mpishi. Waandike kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ambayo jioni ile mpishi alimlilia simba.

Huwa wanaanza polepole. Wengi huandika juu ya meno. Mwaka jana msichana mmoja wa darasa la sita alikaa muda mrefu bila kuandika, nikamwendea nikidhani amekwama. Alinionyesha daftari. Alikuwa na mstari mmoja tu, amefuta mara nyingi mpaka karatasi imekonda: "Kwanza niwaambie jina langu, maana wote walikuwa wanapiga kelele simba, simba."