Kigari cha pauni mbili

Haya, asanteni, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Nimeombwa niongelee riwaya ya uvamizi wa viumbe kutoka sayari nyingine, najua wengi mnasubiri mashine za miguu mitatu na ule mwali unaochoma kila kitu, ila mi nataka nianze na mtu ambaye kitabuni hata jina hana, mwenye baa.

Kitabu ni The War of the Worlds cha H. G. Wells, 1898. Silinda ya kwanza kutoka Mirihi inaangukia Horsell, pembeni ya mji wa Woking, na Wells alikaa Woking kabisa, alikuwa anazunguka na baiskeli anachagua mitaa ipi ifyekwe, ndo maana ukisoma unahisi kama barabara zile unazijua.

Sasa msimulizi, naye hatajwi jina, anaona nyumba za jirani zinaanza kubomoka, anamwambia mkewe hapa hapakaliki, anakimbilia baa ya Spotted Dog maana anajua mwenyewe ana farasi na kigari. Anakuta kuna mtu mwingine anaongea na mwenye baa, kumbe wanauziana nguruwe, mwenye baa anasema lete pauni moja, na huyu wetu anadakia juu ya bega la mwenzake, mi natoa mbili, na kabla ya saa sita usiku kigari nimekirudisha. Mwenye baa anashangaa, haraka ya nini? Nyuma ya nyumba yake kunaungua na yeye hana habari. Na haambiwi. Anaambiwa tu kwa haraka kwamba jamaa inabidi ahame kwake, basi. Baadaye msimulizi anakiri kwamba saa ile hakuona kama mwenye baa naye alitakiwa kuondoka, ni mstari mmoja tu, usipokuwa makini unakupita, halafu anarudi nyumbani kupakia vitu vya thamani.

Na ni mtu mzuri jamani, hapo ndo panaponiuma. Anamfikisha mkewe Leatherhead kwa binamu zake, na usiku uleule anageuza kurudi, kwenye radi, kwa sababu aliahidi kurudisha kigari. Njiani anakutana uso kwa uso na mashine, kigari kinapinduka, farasi anavunjika shingo, anaendelea kwa miguu gizani kwenye mvua mpaka anajikwaa kwenye kitu laini. Radi inapiga anaona nguo nyeusi na jozi ya viatu, mtu kajikunja kwenye uzio. Anamgeuza, anapapasa kifua asikie moyo, hakuna kitu, radi inapiga tena anaiona sura, ni mwenye baa. Anamruka polepole, anapandisha kilima kwenda kwake.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilifunga kitabu. Sikuweza kuendelea siku ile.

Wazo lenyewe Wells alilipata kwa kaka yake Frank, na kitabu kimetunukiwa yeye, walikuwa wanaongelea yaliyowapata wenyeji wa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, walipoingia Wazungu. Sura ya kwanza anaisema wazi, msiwahukumu hawa wa Mirihi kabla hamjakumbuka mlichowafanyia Watasmania. (Wazao wao wapo mpaka leo, hilo nalo lisisahaulike.) Na sisi wa pwani hii hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Tarehe 27 Agosti 1896, miaka hiyohiyo ya kitabu, manowari za Waingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sultani Zanzibar, haikufika hata saa nzima, kwetu watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa, kwao baharia mmoja kaumia. Meli ya Sultani, Glasgow, ilijibu na vimizinga vyake ikazamishwa palepale bandarini, milingoti ikabaki imechomoza majini hadi 1912. Kwenye riwaya kuna manowari ya Kiingereza, Thunder Child, inajitupa kwenye zile mashine ili meli za wakimbizi zipate kutoka, inaangusha mbili nayo inateketea. Kila nikiisoma ile sura naiona milingoti ya Glasgow.

Kuna dada kaniuliza pale mlangoni, eti mwisho si mwepesi mno, wavamizi wote wanakufa kwa bakteria? Dada yangu, huo ni mwisho wa vita, mwisho wa kitabu uko mbele. Kumbuka kipindi hicho msimulizi ameshampiga kasisi kwa mpini wa shoka la nyama waliponasa pamoja kwenye nyumba iliyobomoka, ameshaomba usiku mkewe awe amekufa ghafla bila maumivu. Anarudi kwake, juu ya meza karatasi aliyokuwa anaiandika iko vilevile, sentensi imekatikia katikati, halafu anasikia sauti nje na mkewe yuko pale. Kila mmoja alishamhesabu mwenzie kwenye maiti.

Lakini dakika chache kabla hajafika nyumbani anapita palepale kigari kilipopindukia, anakikuta kimevunjikavunjika ndani ya magugu mekundu yaliyoletwa na wale wa Mirihi, mifupa ya farasi imetawanyika. Anapanda kumtafuta mwenye baa, anakuta keshazikwa. Nani kamzika, kitabu hakisemi.