Nyundo Bila Mpigaji: Kulala Katikati ya Shaba

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Leo Mashaka kaja na habari za kulala.

MASHAKA: Kulala kwa kusikiliza, dada. Unajinyoosha chali kwenye mkeka, unafumba macho, halafu patu, zile sahani za shaba za kugonga, zinalia pande zote za chumba. Mpigaji humwoni.

ZUHURA: Sasa nani anapiga?

MASHAKA: Nyundo ndogo zinazoendeshwa na umeme. Kila nyundo ina koili ya waya. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku, nyundo inaruka. Kompyuta ndiyo inayoamua ipi ipige, lini, na kwa nguvu gani. Msanii Mmarekani, Aaron Taylor Kuffner, alisomea gamelan huko Indonesia, na mwaka 2008 akaanza kuunda sanamu hizi za muziki pamoja na Eric Singer. Anaziita Gamelatron.

ZUHURA: Asiyeijua gamelan mfafanulie.

MASHAKA: Ni kundi la vyombo vya muziki vya visiwa vya Java na Bali, hukohuko Indonesia, vingi vya shaba iliyochanganywa na bati. Kuna vibao vya kugonga, vyungu vya shaba vyenye nundu, ngoma, na upatu mkuu ambao kipenyo chake hukaribia mita moja. Kila seti hupatanishwa peke yake, kwa hiyo huwezi kuazima kibao cha kundi la jirani.

ZUHURA: Hapo ndipo nina ugomvi nawe. UNESCO ilipoiingiza gamelan kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2021, haikuwa kwa ajili ya shaba tupu. Ni watu! Mwenye ngoma akikaza mwendo, wenzake wote wanamfuata bila kuambiwa. Na kwa Wajava ni utovu wa adabu kuruka juu ya vyombo. Mashine inajua adabu gani?

MASHAKA: Haijui, nakubali. Mimi siiti ile gamelan kamili. Ila shaba ni shaba kweli, si spika. Sikiliza hili: Bali hutengeneza vibao viwiliviwili, sauti ileile, lakini kimoja kimepandishwa kidogo tu. Vikigongwa pamoja, mlio unatetemeka, wau-wau-wau, mara kadhaa kwa sekunde. Ukiwa umelala katikati yao, mtetemo huo unakuzunguka.

ZUHURA: Na mpigaji wa kawaida hauachi mlio uzagae hivyo.

MASHAKA: Ndiyo! Mkono wa kulia unagonga kibao kinachofuata, wa kushoto unakibana kilichotangulia ili kinyamaze. Hivyo wimbo unasikika wazi. Kwenye kipindi cha kupumzika huutaki huo uwazi. Acha upatu mmoja ulie mpaka uishe wenyewe, ndipo mwingine upigwe. Kompyuta haichoki kungoja.

ZUHURA: Na wale wanaosema sauti hizi zinatibu maradhi?

MASHAKA: Mimi nakwenda kupumzika. Mwenye maradhi aende kwa daktari.

ZUHURA: Sawa. Mtu alale wapi?

MASHAKA: Mbali kidogo na upatu mkuu. Sauti yake nzito inakufikia popote ulipo, na ukiukaribia sana utaruka kila unapopigwa.

ZUHURA: Na jirani akikoroma?

MASHAKA: Nyundo zitaendelea tu, hazina masikio.

ZUHURA: Basi mimi nitamfinya.